Mtoto Akishiba Mzazi, Kazi Huendeka

Shule za Kenya zilifungwa kwa tangazo la tarehe 15 Machi 2020, siku mbili tu baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa. Wazazi wengi walidhani ni likizo ya wiki tatu au nne. Wanafunzi wa gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne walirudi 12 Oktoba. Wenzao wakasubiri hadi 4 Januari 2021. Uganda walingoja zaidi, hadi Januari 2022, na mwishoni mwa mwaka huohuo muhula ukakatishwa wiki mbili kabla ya wakati kwa sababu ya Ebola. Kwa hiyo haya si mambo ya kale. Shule zaweza kufungwa tena, na mzazi akajikuta anafanya kazi nyumbani watoto wakiwa miguuni pake.

Mji wa Kale, Mombasa, palikuwa pagumu zaidi. Mei 2020, katikati ya Ramadhani, ilipigwa marufuku kuingia mtaani wala kutoka. Nyumba zile zina vyumba vichache na watu wengi, na kazi inayofanyiwa nyumbani si ya kompyuta peke yake: kuna cherehani ukumbini, kuna mahamri ya oda, kuna mfanyakazi wa ofisi anayefanya mkutano kwa simu akiwa ngazini kwa sababu ndipo mtandao unaposhika. Ushauri mwingi uliosambazwa wakati ule uliwataka wazazi watenge chumba cha kazi na chumba cha kusomea. Nani anavyo?

Tulipowasikiliza wazazi tuligundua kwamba tatizo la wengi halikuwa nafasi, lilikuwa kipi kinatangulia. Mzazi huamka akashika kazi, akijiambia mtoto atapata wakati wake kazi ikiisha. Mtoto naye hajui itaisha lini. Kila dakika kumi yuko mlangoni: nina njaa, kaka kanipiga, tazama nimechora. Anajibiwa bila kutazamwa, na anarudi tena kwa sababu alichokifuata hakukipata.

Geuza mambo. Anza na mtoto. Dakika kumi na tano, simu ikiwa mbali, mkifanya anachokitaka yeye. Kama ni kupanga vifuniko vya soda sakafuni, pangeni vifuniko. Kisha mwambie, "Sasa mama anashona mpaka adhana ya adhuhuri, halafu tutakaa tena." Mtoto wa miaka mitano hajui masaa mawili ni muda gani, lakini adhana anaijua. Asiye karibu na msikiti atafute alama nyingine: taarifa ya habari redioni, jua kufika kizingitini. Ahadi hiyo itimizwe. Siku utakayochelewa, na utachelewa, muombe radhi.

Hata hivyo usitarajie siku nzima ya kazi. Mwenye mtoto chini ya miaka mitatu atapata vipande vya nusu saa, pamoja na alfajiri kabla watu hawajaamka. Mwambie hivyo mwajiri au mteja mapema, badala ya kuahidi oda ya kesho ukakesha. Kazi ya kufikiri iweke alfajiri. Ile ya mikono mtoto anaweza kukaa nayo karibu na hata kusaidia. Anayehesabu vifungo vya shati naye anasoma hesabu.

Kuhusu masomo, vipindi vya KICD, taasisi ya serikali ya kuandaa mitaala, vilivyopeperushwa na KBC, shirika la utangazaji la taifa, vilisaidia penye redio. Pasipo na redio wala bando, mtoto wa madarasa ya chini akikusomea ukurasa mmoja kwa sauti huku unachambua mchele, siku hiyo haikupotea. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka miwili hadi minne asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku. Nakiri kwamba wazazi waliovuka kiwango hicho wakati wa kufungiwa sikuwalaumu. Niliwauliza tu mtoto anatazama nini, na anazungumza na nani juu ya alichokiona.

Wengi tulighafilika na habari. Kila siku idadi ya wagonjwa wapya ilitangazwa, televisheni iko wazi, mtoto anacheza chini na masikio yake yako juu. Halafu usiku anauliza, "Nyanya atakufa?" Usimwambie anyamaze, na usimwahidi usilolimudu. Mwambie, "Nyanya ni mzima leo. Ndiyo maana tunanawa mikono na tunamsalimia kwa simu." Kisha umpigie nyanya, wasikilizane.

Hofu ya mtoto haisemi kila mara kwa maneno. Aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani huanza tena, tumbo humuuma kila asubuhi, au hung'ang'ania nguo ya mama. Usimuaibishe mbele ya wenzake. Dalili zikipita wiki mbili, mpeleke kituo cha afya. Kijana akitaja kujidhuru, usingoje hata siku moja.

Nina malalamiko yangu pia. Shule zilipofungwa, katika nyumba nyingi wasichana walikabidhiwa vyombo, watoto wadogo na maji, wavulana wakabaki barazani. Msichana huyo alirudi shuleni akiwa nyuma, na sababu haikuwa akili. Baba aliyekuwa nyumbani angeweza kumlisha mtoto mdogo na kumpa msichana huyo saa ya kusoma.

Na utachoka. Mkono ukianza kuinuka, muache mtoto mahali salama, toka uani, unywe maji, urudi ukitulia. Ukiona hali inakushinda, au ukisikia mtoto wa jirani anapigwa, piga 116. Ni namba ya bure ya msaada kwa watoto nchini Kenya, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Mfundishe kama unavyomfundisha namba yako.