Girik haithibitishi haki tena, lakini shamba bado ni lako: sajili mashahidi wangali hai

Tangu tarehe 2 Februari 2026 ipite, wengi wanaofika dirishani kwetu, kwenye ofisi ya ardhi, kutoka vijiji vya Java, Indonesia, wana swali moja, na karibu wote wamelipata kwenye ujumbe wa simu uliotumwa na jamaa: je, ni kweli serikali sasa inachukua mashamba yenye girik, ile karatasi ya zamani ya kodi ya ardhi? Jibu ni hapana. Hakuna shamba linalochukuliwa kwa sababu tu mwenyewe hana hatimiliki. Nawaomba mnaotuma ujumbe huo muache, kwa sababu wazee wetu wanakosa usingizi bure, na matapeli wameshaanza kupita nyumba kwa nyumba wakiahidi "kuokoa" mashamba kwa malipo.

Kilichotokea ni hiki. Kanuni ya Serikali Namba 18 ya 2021, ibara ya 96, iliwapa wenye nyaraka za ardhi ya kimila miaka 5 wazisajili. Miaka hiyo imetimia. Kilichobadilika ni hadhi ya karatasi. Girik, petok D, kikitir au nakala ya daftari la kijiji tunaloliita Letter C haipokelewi tena kama uthibitisho wa haki. Imebaki dira ya kumwongoza msajili: shamba liko kitongoji gani, lilipewa namba gani, lilitoka kwa nani. Anayelilima hajapoteza chochote. Ila siku atakapotaka kuliuza, kuliweka dhamana benki au kujibu shauri mahakamani, karatasi ile peke yake haitamsimamia.

Na kusema kweli, haikuwahi kumsimamia sawasawa. Hizi ni karatasi za kodi. Ziliandikwa ili mkusanya kodi ajue amdai nani kwa jaruba lipi. Mahakama ya juu ya Indonesia ilikwisha kusema mwaka 1960 kwamba karatasi ya kodi ya ardhi si ushahidi kamili wa umiliki. Baada ya sheria ya kodi ya ardhi na majengo ya 1985 kuanza kutumika Januari 1986, mnachopokea kila mwaka ni SPPT, nayo ni ankara tu. Kulipa kodi ni vizuri, endeleeni. Lakini kila wiki tunaletewa bahasha ya risiti za miaka 30 zilizofungwa kwa mpira, na mwenyewe anakasirika tunapomwambia kwamba hiyo si hati. Tumelisema hili mikutanoni, tumelibandika ukutani kwenye ofisi za vijiji, na bado linarudi vile vile.

Sasa, mtu ambaye girik yake haithibitishi kitu atathibitisha kwa nini? Kwa kulima na kwa mashahidi. Kanuni ya usajili ya 1997, ibara ya 24, inaruhusu haki kusajiliwa kwa mtu aliyelishika shamba mfululizo kwa miaka 20 au zaidi, yeye pamoja na waliomtangulia, kwa nia njema na kwa uwazi, bila kupingwa na wanakijiji, na maneno yake yakaungwa mkono na watu wa kuaminika. Zingatieni hayo maneno "waliomtangulia". Miaka ya baba na ya babu inahesabika. Kijana aliyerithi mwaka jana ana miaka 20 yake, ilimradi yupo mtu wa kusimama na kusema nilimwona babu yake akipandikiza mpunga pale.

Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo, kuliko kwenye tarehe yoyote ya serikali. Mashahidi wanakufa.

Msimu huu nilikuwa kwenye tuta kati ya majaruba mawili, mpima akisimamisha kifaa chake, majirani wawili wakiwa wamenuniana. Tuta lile, galengan, upande mmoja lilikuwa na upana wa futi mbili; katikati limebaki kama kiganja. Anayejua kazi ya mpunga anaelewa kilichotokea. Kila msimu, kabla ya kupanda, tuta hupalizwa kwa jembe kuondoa majani na matundu ya kaa, kisha hukandikwa tope jipya. Anayepaliza sana na kukandika kidogo humla jirani yake vidole viwili kwa msimu, na wakati mwingine wala hakusudii. Mpaka unatembea. Tulikuwa karibu kuliandika shamba lile kuwa lina mgogoro, ndipo bibi mmoja wa kijiji, wote wanamwita Mbah, aliposhuka majini na kofia yake ya mianzi, maji yakimfika kwenye muundi. Akapapasa kwa nyayo, hatua mbili, tatu, akasimama. "Hapa." Mpima akaingiza mkono kwenye tope, akakuta jiwe la mtoni, la mviringo, limelala kiasi cha dhiraa moja kutoka tuta lilipo sasa. Marehemu mumewe ndiye aliyekuwa amelizika na baba za hao mabwana wawili. Kabla ya adhuhuri wote wawili walikuwa wametia saini. Bibi yule amepita miaka 80, na kijijini hakuna mwingine aliyejua habari ya jiwe lile.

Kwa hiyo, wekeni vigingi sasa, msisubiri mpima. Mwaka 2023 wizara ya ardhi ilianzisha kampeni ya kuweka vigingi milioni 1 kwa siku moja, na kaulimbiu yake mnaikumbuka: "pasang patok, anti cekcok, anti caplok", yaani weka kigingi, kusiwe na ugomvi wala kumegeana. Kigingi kinachokubalika kwa shamba la chini ya hekta 10 kinaweza kuwa bomba la chuma lenye urefu wa sentimita 100 na kipenyo cha sentimita 5, zizikwe sentimita 80, zinazobaki 20 zifunikwe na kupakwa rangi nyekundu. Ipo pia nafasi ya mbao ngumu na zege. Mti wa mwanzi haufai, unaoza kabla ya misimu mitatu. Na kigingi kilichowekwa na mtu mmoja usiku si kigingi. Majirani wa pande zote wawepo, waafikiane, watie saini. Bila hivyo mpima hana mamlaka ya kuchora mstari mahali popote.

Utaratibu wa usajili wa kijiji kizima, PTSL, umekuwepo tangu 2017. Kamati hukusanya vipimo na vielelezo, kisha kila kiwanja huwekwa kwenye moja ya makundi manne. K1 ni shamba lililo safi, hatimiliki hutolewa. K2 lina shauri au mgogoro, hurekodiwa lakini hati haitoki mpaka liishe. K3 ni shamba ambalo mwenyewe au shamba lenyewe halijatimiza masharti. Huandikwa daftarini likisubiri. K4 lina hati tayari, linaingizwa tu kwenye ramani. Kuwekwa K3 si kunyang'anywa. Narudia kwa sababu mwaka jana kuna familia ilikuja na wakili kwa sababu ya herufi na tarakimu hiyo tu, na kilichokosekana kilikuwa cheti cha kifo cha babu.

Gharama: kupima na kutoa hati kunalipwa na bajeti ya taifa. Mwananchi huchangia maandalizi ya kijijini, yaani vielelezo, vigingi, stempu na nauli za watendaji, na waraka wa pamoja wa mawaziri watatu wa 2017 uliweka kiwango cha rupia 150,000 kwa Java na Bali. Kodi ya kupata haki ya ardhi, BPHTB, haimo humo. Ukiambiwa ulipe zaidi ya hapo kijijini, omba kwa adabu uonyeshwe kanuni iliyoandikwa, kisha udai risiti. Siwezi kuwatajia tarehe hati zitakapotoka kwa kijiji fulani. Inategemea mgao wa mwaka na wingi wa migogoro.

Mirathi ndiyo inayotuchelewesha kuliko kitu kingine. Daftari la carik, karani wa kijiji, bado lina jina la babu wa babu, na chini yake warithi 23, wengine wako Sumatra, wengine Malaysia. Jinsi ya kugawa ni yenu. Ziko familia zinazofuata sepikul segendong, mwanamume hubeba mizigo miwili kwa mzegazega na mwanamke mmoja mgongoni, basi mafungu mawili kwa moja. Ziko zinazofuata sigar semangka, tikiti maji limepasuliwa katikati, wote sawa. Ofisi haiwachagulii. Inachotaka ni hati ya warithi iliyotiwa saini na wote, mabinti wakiwemo. Narudia, mabinti wakiwemo, hata walioolewa kijiji kingine. Kama hamjaelewana kugawa, shamba linaweza kusajiliwa kwa majina yenu wote kama mali ya pamoja, mkagawana baadaye. Na kama shamba tayari lina hatimiliki, mkileta maombi ya kubadili jina ndani ya miezi 6 tangu kifo, ada ya usajili huo hamtozwi. Wengi huja mwaka wa sita, wakiwa na hasira juu ya ada.

Rehani ya shamba, sende, nitaieleza kwa kirefu kwa sababu hapa watu wanaumia kimya kimya. Desturi inasema shamba hukaa kwa mwenye pesa mpaka deni lirudi lote, hata ipite miaka 30. Sheria haisemi hivyo tangu 1960. Sheria Namba 56 ya mwaka huo, ibara ya 7, inasema shamba la kilimo lililokaa rehani miaka 7 au zaidi linarudishwa kwa mwenyewe ndani ya mwezi mmoja baada ya mazao yaliyopo kuvunwa, bila kulipa hata senti ya kulikomboa. Hoja ya sheria ni kwamba mwenye pesa amekwisha kula mavuno ya kutosha. Kabla ya miaka 7 mwenye shamba anaweza kulikomboa wakati wowote baada ya mavuno kwa hesabu hii: chukua 7 na nusu, toa idadi ya miaka ya rehani, gawanya kwa 7, zidisha kwa pesa iliyokopwa. Mfano, rupia milioni 14 na miaka 3. Saba na nusu ukitoa tatu inabaki nne na nusu. Gawanya kwa 7, zidisha kwa milioni 14, unapata milioni 9. Hizo ndizo za kulipa. Kwa anayekataa kurudisha, sheria hiyo ya 1960 iliweka kifungo cha hadi miezi 3, au faini isiyozidi rupia 10,000, au vyote viwili. Faini hiyo iliandikwa kwa thamani ya pesa ya wakati ule.  Hata hivyo nashauri mwanzo uwe mazungumzo mbele ya mkuu wa kijiji, kwa maandishi, kwa sababu mkopeshaji mara nyingi ni mjomba au shangazi. Shauri ambalo limeshafika mahakamani tusiulizwe, hatuna ruhusa ya kulizungumzia.

Vivyo hivyo kwa wanaolimiwa kwa kugawana mazao, maro au mertelu: sheria nyingine ya 1960 inataka mkataba wa maandishi mbele ya mkuu wa kijiji, usiopungua miaka 3 kwa shamba la mpunga wa maji na miaka 5 kwa shamba kavu. Sijaona mikataba mingi ya namna hiyo. Mkulima anaondolewa baada ya msimu mmoja akiwa ameshaweka samadi, na hana karatasi ya kushika.

Wale wenye watoto wanaofanya kazi Taiwan, Hong Kong au Arabuni na kuwanunulia mashamba kwa pesa wanazotuma: kipande cha risiti chenye stempu si uhamisho wa haki. Mauzo ya shamba lenye hati hufanywa mbele ya ofisa wa hati za ardhi, PPAT. Asipokuwepo katika kecamatan yenu, yaani tarafa, mkuu wake, camat, hushika nafasi hiyo kwa muda. Muuzaji hulipa kodi ya mapato ya asilimia 2.5, mnunuzi BPHTB isiyozidi asilimia 5 baada ya kutoa kiwango kisichotozwa. Mtoto anatoa jasho ugenini miaka sita, halafu muuzaji anafariki na wanawe wanasema hawajui lolote. Tumewaona wanaolia hapa ofisini, na hatukuwa na la kuwafanyia.

Mashamba ya bengkok, anayolima mkuu wa kijiji na watendaji wake kama sehemu ya malipo yao, ni mali ya kijiji. Hayarithiwi na hayauzwi, hata kama familia moja imeshika ukuu kwa vizazi. Mkoa wa Yogyakarta una taratibu zake za pekee kwa ardhi ya kijiji, msizitumie kwingine.

Na shamba la mpunga lililotengwa kulindwa kwa chakula halijengwi nyumba, hata kama ni lako na hati unayo. Sheria Namba 41 ya 2009 inaweka kifungo cha hadi miaka 5 na faini ya hadi rupia bilioni 1. Ulizeni kabla ya kumwaga kifusi. Kuuliza ni bure.

Kwa vijiji ambavyo kamati imeshamaliza kupima: orodha ya majina na vipimo hubandikwa kwenye ofisi ya kijiji kwa siku 14. Ndizo siku za kupinga kosa kwa urahisi, kwa kuandika barua ya ukurasa mmoja. Baada ya hati kutoka, kosa la herufi moja linahitaji maombi mapya, na aliyenyamaza kwa miaka 5 bila kuweka pingamizi la maandishi wala kwenda mahakamani hawezi tena kudai shamba ambalo mwenzake amelisajili kwa nia njema na analilima. Njooni mlisome jina lenu, jina la baba, na majirani wa pande nne. Anayeona kwa shida aje na mjukuu wake amsomee.