Msingi hauelezi kimo

Watu wakiona jengo la kale limesimama upya kwenye skrini, huuliza nimetumia programu gani. Programu ni jambo dogo. Kazi yangu huanzia kwenye makaratasi: michoro ya vipimo, madaftari ya wachimbaji wa mambo ya kale, picha, na fomu zinazoeleza kila tabaka la udongo. Uchimbaji huharibu kile kile unachokichunguza. Tabaka likishaondolewa halirudi, na ambacho hakikuandikwa siwezi kukibuni.

Michoro ikishaskaniwa na kukalishwa kwenye vipimo vya pamoja (kazi ya kuchosha, haina mengi ya kusimulia), ninaanza kutenganisha nyakati. Ramani ya uchimbaji huonyesha kuta zote kwa mpigo, ilhali huenda zimepishana kwa mamia ya miaka. Ukizisimamisha zote unapata jengo ambalo hakuna mtu aliyewahi kuliingia. Hapo ndipo mchoro aliobuni mwanaakiolojia Edward Harris mwaka 1973 unaponiokoa. Unapanga kila tabaka, shimo na ukuta kwa kufuata kipi kilitangulia kipi: mtaro wa msingi uliokata sakafu ulichimbwa baada ya sakafu hiyo, hata kama kwenye ramani vimekaa ubavu kwa ubavu.

Kwenda juu ndiko kugumu. Ukuta ulioanguka mzima mzima ni bahati, maana unahesabu mistari ya matofali pale ulipolala, na pengine hata nafasi ya dirisha unaiona. Vigae vilivyotapakaa hudokeza paa lilikomea wapi. Bila hivyo, kishawishi ni kukimbilia kanuni za vitabuni.

Vitruvius, msanifu majengo Mrumi wa karne ya 1 kabla ya Kristo, anaeleza kuwa nguzo ya Kidoriki, mtindo wa kale wa Kigiriki, ilikuja kupewa kimo cha mara 7 ya unene wake wa chini. Sasa chukua Parthenon, hekalu la Kidoriki la Athens, iliyojengwa karne ya 5 kabla ya Kristo. Nguzo zake zina unene wa takriban mita 1.9, hivyo kwa kanuni hiyo zingefika mita 13.3. Nguzo zenyewe zipo, na kimo chake ni kama mita 10.4. Zingekuwa zimebaki nyayo tu, tungeongeza karibu mita 3 za uongo, na picha ingependeza vilevile.

Kwa hiyo kila kipande cha modeli yangu kina rangi yake: kilichochimbwa, kilichokadiriwa kutokana na ushahidi, na cha kukisia tu. Mkataba wa London, mwongozo wa kimataifa wa kuonyesha urithi wa kale kwa kompyuta, toleo la 2009, unadai uwazi wa aina hiyo. Wateja hawaufurahii sana. Wanataka jengo moja, zuri, lenye jua. Mimi huwapelekea faili lenye mapaa mawili, la bapa na la mgongo, pamoja na kitufe cha kuyabadilisha. Wakisisitiza moja, nachagua linalowezekana kwa mbao fupi zaidi, kisha naandika sababu ndani ya faili.