Je, wajua kwa nini msimbo (maandishi yanayoiendesha programu) mbaya kuliko wote unaweza kusubiri?

Ukikabidhiwa programu iliyozeeka, iliyopita mikono ya mafundi watano au sita, utaanza kuipanga upya wapi? Mimi, nikihudumia programu ya kukodisha vyumba vya wageni hapa Lamu, nilianza palipotia aibu zaidi: faili la bili za zamani, mistari elfu mbili na ushei, yenye majina kama x2 na x2mpya. Wiki tatu nzima. Likatoka linang'aa, na tangu siku hiyo hakuna aliyelifungua, hata mimi.

Nilidhani ubaya ndio gharama. Ward Cunningham, mtunzi wa programu Mmarekani aliyefananisha msimbo usiokaa sawa na deni mwaka 1992, alisema riba yake (neno lisilotamkwa kwa raha mjini kwetu) ni kila dakika unayoitumia juu ya msimbo usiokaa sawa. Dakika unayoitumia! Usipougusa, haukudai hata senti.

Chukua nyumba kongwe ya mawe. Ndani, zidaka zimemomonyoka chokaa na kila mgeni anasikitika. Ngazi zaonekana nzima, ila kipandio cha tatu kimelika ukingo, na kila apandaye na ndoo ya maji hapo hupunguza mwendo na kuinua mguu zaidi. Zidaka hazimchelewishi mtu. Kipandio kinawachelewesha wote, asubuhi na jioni, na iko siku kitamwangusha mmoja.

Kwenye programu, nyayo zimehifadhiwa. Git, zana ya mafundi wa programu iliyoanza 2005, huweka kumbukumbu ya kila badiliko la msimbo. Hesabu kila faili limebadilishwa mara ngapi kwa mwaka, weka kando yake kipimo cha ugumu, kisha tafuta yaliyo juu kwa yote mawili. Kwangu lilikuwa faili la tarehe za wageni kuingia na kutoka, lenye maelezo safi, lililoguswa karibu kila wiki. Faili la bili lilikuwa na nyayo zangu tu.

Ugumu wenyewe, ajabu, waweza kuukisia kwa kuhesabu nafasi tupu mwanzoni mwa mistari: masharti yakiingia ndani ya masharti, mistari husogea kulia. Ni makisio tu. Faili la mipangilio nalo hubadilika kila kukicha bila kumsumbua mtu, na tundu la usalama halingoji nyayo. Na kama mwenzako aliwahi kunyoosha mistari ya mafaili yote kwa siku moja, iondoe siku hiyo kabla hujahesabu.