Ngozi inawasha, lakini kidonge kisiachwe: kwa wanaoishi na saratani ya damu sugu

Katika miezi ya karibuni, dirisha letu la dawa limepokea malalamiko mengi ya muwasho kutoka kwa wagonjwa wa saratani ya damu sugu. Wengi hawasemi mpaka waulizwe. Mtu anapokea vidonge vyake, anasaini, na anapogeuka kuondoka ndipo unaona mikono imejaa alama za kucha. Ukimuuliza anajibu, "Ni damu chafu, dawa inaitoa." Hapana. Hakuna damu chafu inayotokea kwenye ngozi, na imani hii inawachelewesha watu kutibiwa. Tarehe 22 Septemba ni Siku ya Duniani ya CML, aina mojawapo ya saratani hii ya damu sugu. Ilichaguliwa kwa sababu ugonjwa huo huanza pale kromosomu (vibeba urithi ndani ya chembe) ya 9 na ya 22 zinapobadilishana vipande. Safari hii tumeona ni vema elimu yetu ijikite kwenye ngozi.

Muwasho una vyanzo vingi. Kwa mwenye CML ambayo haijadhibitiwa, chembe nyeupe ziitwazo bazofili huongezeka na kumwaga histamini, kemikali ileile inayowasha mtu akiumwa na mdudu. Hapo dawa ya muwasho ni kuushusha ugonjwa wenyewe. Kwa mwenye CLL, aina nyingine ya saratani ya damu sugu, mbu mmoja anaweza kuacha uvimbe mkubwa, hata malengelenge, kwa hiyo chandarua kwake si cha malaria peke yake. Vidonge vya kutibu CML navyo vina sehemu yao: imatinib huweza kuleta vipele na muwasho, na nilotinib huwaletea baadhi ya watu vipele na ngozi kavu. Tena upo upele wa kawaida kabisa, ule wa kuambukizana. Ikiwa na wengine nyumbani wanajikuna, hasa usiku, usiisingizie saratani. Familia nzima itibiwe siku moja.

Jambo moja linawaumiza wagonjwa wetu kuliko muwasho wenyewe, nalo halisemwi vya kutosha. Imatinib huzuia protini iitwayo KIT, ambayo seli zinazotengeneza rangi ya ngozi huitegemea. Kwa mtu mweusi, uso na mikono huweza kuanza kuwa mieupe, wakati mwingine kwa mabaka. Majirani wanauliza kama umeanza mkorogo. Nimewahi kukaa na mama aliyeacha vidonge kwa sababu ya maneno ya kanisani tu, na sikuwa na moyo wa kumlaumu. Badiliko hili halina maana kwamba ugonjwa umezidi, na mara nyingi rangi hurudi dozi ikipunguzwa au dawa ikibadilishwa. Lakini uamuzi huo ni wa daktari wako. Wakati huohuo ikinge ngozi na jua: mikono mirefu, kofia pana, mtandio.

Kuhusu kuacha dawa, nitasema bila kuzunguka. Mwaka 2010 watafiti wa London walichapisha matokeo ya wagonjwa 87 wa CML waliokuwa wakitumia imatinib, ambao vifuniko vya chupa zao vilirekodi kila zilipofunguliwa kwa miezi mitatu. Kwa waliomeza zaidi ya asilimia 90 ya dozi zao, uwezekano wa kufikia mwitikio mzuri wa tiba ndani ya miaka sita ulikuwa zaidi ya asilimia 94. Kwa waliomeza chini ya hapo, ni asilimia 28. Asilimia 10 ya mwezi ni siku tatu. Anayepumzisha ngozi kwa wiki moja ameshapita mpaka huo.

Nyumbani, yanayosaidia ni mambo ya kawaida. Oga kwa maji ya vuguvugu, si ya moto, na usikae bafuni muda mrefu. Acha dodoki gumu, jiwe la kusugulia na sabuni za kuua vijidudu. Sabuni isiyo na manukato inatosha. Jifute kwa kugusisha taulo, kisha paka mafuta ya mgando au krimu ya glisirini ngozi ikiwa bado na unyevu. Muwasho ukikaza usiku, weka kitambaa kilicholowa maji baridi badala ya kucha, na kucha zenyewe zikatwe fupi. Vidonge vya mzio kama cetirizine au chlorpheniramine vinaweza kusaidia, ila hiki cha pili huleta usingizi. Dereva wa bodaboda asikimeze asubuhi.

Sasa maduka. Zipo tyubu zenye steroidi kali, dawa ya fangasi na antibiotiki kwa pamoja, na wagonjwa hupewa kama vile ni mafuta ya kupaka tu. Steroidi hutuliza muwasho kwa siku chache huku ikiificha fangasi iendelee kuenea, na ikitumika muda mrefu huikondesha ngozi. Vidonge vya ketoconazole hupandisha kiwango cha imatinib mwilini, juisi ya balungi pia. Rifampicin ya kifua kikuu hukishusha. Kwa mitishamba, kosa la wagonjwa si kuitumia bali kuificha. Ilete tuione. Hatumfukuzi mtu.

Kuhusu malalamiko, tafadhali yaelekezwe panapostahili. Tangu Julai 2019, vipodozi viko chini ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), na dawa na vifaa tiba viko chini ya TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba). Sabuni au krimu ya kung'arisha yenye zebaki, hidrokwinoni au steroidi ni kipodozi chenye viambata sumu, kilichopigwa marufuku, na taarifa yake huenda TBS. Tyubu ya dawa isiyosajiliwa ni ya TMDA, na kuiuza ni kosa chini ya Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura 219. Vipele vilivyotokana na dawa halali ni jambo la tatu: hayo ni madhara ya dawa. Mtaalamu wa afya huyajaza kwenye fomu ya njano ya TMDA, akiandika jina la dawa, dozi, namba ya toleo iliyo kwenye boksi, siku uliyoanza kumeza, siku vipele vilipotokea na dawa nyingine zote unazotumia. Mgonjwa mwenyewe pia ana haki ya kutoa taarifa. Ndiyo maana tunasisitiza boksi lisitupwe. Vidonge vikihamishiwa kwenye kifuko cha plastiki, namba ya toleo imepotea na taarifa inabaki nusu.

Siku ya kliniki njoo na boksi hilo, kila unachopaka na kila unachokunywa, na picha ya vipele kwenye simu kama vinakuja na kutoweka. Lakini usiisubiri kliniki ukipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, ukitoka usaha mahali ulipojikuna, macho yakiwa ya njano na mkojo mweusi, midomo au ngozi ikibabuka, au malengelenge yenye maumivu yakijipanga upande mmoja wa mwili. Huo wa mwisho huenda ni mkanda wa jeshi, na dawa yake hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 72. Nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, na mpokeaji ajulishwe mlangoni kwamba una saratani ya damu.