Kabla hujaitupa CDI, pima pulsa

Juzi dereva wa bodaboda aliniletea pikipiki inayozima ikishapata joto. Ikipoa nusu saa, inawaka kwa kiki moja. Alikuwa ameshanunua CDI mbili, yaani kile kiboksi kinachotuma umeme wa cheche ya plagi; hela imekwenda na ugonjwa umebaki. Iliniuma. Kile kiboksi cheusi hubebeshwa lawama kwa sababu hakifunguki, basi fundi akikwama anasema, "CDI imekufa."

Kazi yake ni hii. Koili iliyo kwenye magneti, ile sumaku inayozungushwa na injini, huzalisha umeme unaojaza kapasita, yaani kihifadhi umeme kilicho ndani ya CDI, volti 200 na zaidi. Kwa pikipiki zinazotegemea betri, CDI yenyewe ndiyo inayopandisha zile volti 12. Kapasita ikishajaa inangoja amri, na amri inatoka kwa pulsa, kijikoili kilicho pembeni ya magneti. Kinundu cha chuma cha magneti kikipita mbele yake, pulsa inatoa umeme kidogo, thairista, swichi ya kielektroniki iliyo ndani ya CDI, inafunguka, na kapasita inamwaga umeme wake wote kwa mkupuo kwenye koili ya plagi. Huko volti zinapanda hadi makumi ya maelfu, cheche inaruka.

Zamani amri hiyo ilitolewa na platini, vyuma viwili vinavyogusana na kuachana. Vilikuwa vinaungua, vinalika, na kila mara unarudi kuviseti. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, inapita digrii 36,000 kila sekunde. Platini ikichakaa kidogo tu, cheche inakuja wakati si wake. CDI haina cha kusagika, tena mwendo ukiongezeka inawahisha cheche, kwa kuwa petroli huhitaji muda wa kuungua.

Nikapima pulsa ya yule kijana ikiwa baridi: omu 200 hivi, nzuri kabisa. Nikaiacha injini ingurume mpaka ikazima, nikapima hapo hapo. Mita haikusoma kitu. Uzi wa shaba ndani ulikuwa umekatika: ukipoa unagusana, ukipata joto unaachana. Ndiyo maana nasisitiza, pima wakati pikipiki imezima, usingoje ipoe. Na kabla ya hapo kwangua kutu kwenye waya wa ethi, ule unaofungwa kwenye fremu, maana nao huleta dalili zinazofanana na hizi.

Tukafunga pulsa mpya. Ile CDI ya kwanza alikuwa bado nayo chini ya siti, tukairudisha. Ndiyo anayotembelea mpaka leo.