Uboho wa Mifupa: Maswali na Majibu

Je, uboho huongeza damu?

Si kwa namna inayodhaniwa. Damu hutengenezwa na uboho mwekundu ulio ndani ya mwili wako mwenyewe. Uboho tunaochota kwenye mifupa mirefu ya ng'ombe mkubwa ni wa manjano: zaidi ya robo tatu ya uzito wake ni mafuta, na madini ya chuma ni kidogo. Mwenye upungufu wa damu apimwe kwanza, kisha maini na nyama nyekundu vitamfaa zaidi.

Basi hauna faida?

Unayo: ladha na nguvu. Gramu 100 hutoa takriban kalori 800, kwa hiyo uhesabu kama siagi. Kijiko kimoja cha mezani kinatosha kukaangia vitunguu vya mchuzi mzima, na hapo punguza mafuta mengine. Mwenye lehemu (kolesteroli) nyingi asiufanye chakula cha kila siku.

Nichague mifupa gani?

Ya paja na ya muundi, ikatwe vipande vya sentimita 7 hadi 8. Sisitiza ikatwe kwa msumeno. Shoka hupasua mfupa, na vichembe vyake vikali hujificha ndani ya uboho. Ukimpa mtoto, vinaweza kumkwama kooni.

Kwa nini uboho huyeyuka wote ukipikwa?

Kwa sababu umezidishiwa moto au muda. Loweka vipande kwenye maji ya chumvi ndani ya friji usiku kucha ili damu itoke, vikaushe, visimamishe kwenye trei, uoke kwa nyuzi 220 kwa dakika 15 hadi 20. Chomeka kisu katikati: kikiingia bila kizuizi na uboho ukaanza kuachana na mfupa, toa mara moja. Kwenye supu, funga kila kipande kwa kitambaa safi cha pamba na uchemshe kwa moto mdogo. Maji yakitokota kwa nguvu, uboho hutoka na supu hubaki na mafuta yanayoelea.

Usiule mbichi. Bakteria wa brusela, wanaoambukiza watu homa kutoka kwa mifugo, huishi humo mnyama akiwa mgonjwa.

Supu ya mifupa ina kalsiamu nyingi?

Hapana. Kalsiamu hubaki ndani ya mfupa hata ukiuchemsha saa nyingi, na siki kidogo haibadilishi sana jambo hilo. Maziwa na dagaa wanaoliwa na mifupa yao huishinda kwa mbali.

Supu iliyobaki?

Ipoze kwenye vyombo vifupi, iingie friji ndani ya saa 2, imalizwe kwa siku 3.