Ansible yako isifute kazi ya fundi aliye kwenye seva

Wiki iliyopita niko zangu Moshi napigiwa simu toka Arusha, kampuni moja ya utalii ambayo seva zao nazihudumia mimi, wageni wa Kilimanjaro wanashindwa kutuma skani za pasipoti kwenye fomu ya bukingi, wanapata erori 413 tu, yaani faili ni kubwa mno. Kumbe dada fundi wa pale ofisini alishaongeza client_max_body_size (kikomo cha ukubwa wa kinachotumwa) kwa mkono ndani ya nginx.conf, faili la mipangilio ya nginx, programu inayohudumia tovuti yao, maana nginx usipoiambia kitu inapokea MB 1 basi, halafu Ansible yangu, ile zana inayopanga seva yenyewe, ilivyopita usiku ikaandika faili lote upya toka kwenye templeti. Kazi yake ikaondoka. Na yeye hakukosea jamani, mteja anasubiri usiku ule, angefanyaje? Kosa langu, nimejimilikisha faili zima wakati nilikuwa nahitaji mistari minne.

Saivi faili kuu siligusi. Vya kwangu nimehamishia kwenye faili la pembeni, ndani ya folda za conf.d (ya nginx), sshd_config.d, sysctl.d na wenzake, na fundi ana la kwake ambalo nililiweka likiwa tupu na force: false, yaani Ansible ikilikuta lipo inaliacha kama lilivyo.

Ila angalia nani anashinda, hapa ndo watu wanapotea. Kwenye sysctl (mipangilio ya kernel) faili linalosomwa mwisho ndo linashika, kwa hiyo jina la faili la fundi linaanza na 99 langu 50. sshd (ya kuingia seva kwa mbali) ni kinyume, thamani ya kwanza kukutwa ndo inabaki (na ile Include, mstari unaoiambia isome faili za pembeni, imekuja na OpenSSH 8.2, mwaka 2020), kwa hiyo huko lake ni 10. nginx nayo ukirudia client_max_body_size mara mbili ndani ya bloku moja ya http (mipangilio ya tovuti zote) haichagui, inagoma kuwaka kabisa, so mimi nimebaki na ya http, yeye anaweka yake ndani ya bloku ya server (tovuti moja) na hiyo ndo inayofanya kazi.

Penye hakuna folda kama hizo, mfano /etc/hosts (orodha ya majina na anwani za mashine), natumia blockinfile, moduli ya Ansible inayogusa tu kilicho kati ya alama zake za BEGIN na END, na backup: true, yaani nakala ya faili la zamani, naiwasha kila mahali. Juzi nimepitisha --check --diff kwanza (inaonyesha itakachobadilisha bila kubadilisha), nikaona mstari mwekundu unaotaka kutoka, nikampigia fundi, akasema ni printa mpya ya risepsheni, ameiandika katikati ya alama zangu bila kujua. Tukaushusha chini ya END, ndo nikaruhusu ipite.